Kutoka Magunia ya Pamba hadi Betri: Baiskeli za Jinja na Mbale

Anayetaka kuielewa baiskeli ya mashariki mwa Uganda asianze na abiria, aanze na mzigo. Asimame kando ya barabara inayoshuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon kuingia Mbale, chini ya majabali ya Wanale, awatazame wanaume wanaoteremsha matoke. Mikungu imening'inia pande zote mbili za keria na mingine imelazwa juu yake. Yote imekazwa kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu chakavu, mikanda inayovutwa hadi fremu ilalamike. Mwenye baiskeli hajaipanda. Anatembea ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umeshika mzigo kwa nyuma, na kwenye kona kali anaegemea nyuma kwa uzito wake wote ili kuzisaidia breki. Akishauza ndipo atakapokalia tandiko na kupiga pedali kurudi kwao.

Karibu kilomita 150 kutoka hapo, mjini Jinja, imeingia baiskeli ya aina nyingine. Ina mota ndogo na betri, na ukianza kupiga pedali inakusukuma. Shirika la FABIO, ambalo makao yake yako Jinja na ambalo kwa miaka mingi limeshughulikia baiskeli na matumizi yake vijijini, limekuwa likiifanyia kazi baiskeli iitwayo AfricroozE kwa ushirikiano na taasisi ya EURIST ya Hamburg, Ujerumani. Tangu hapo watu wanauliza kama baiskeli ya kawaida imefikia mwisho wake.

Jibu halipatikani kwa kuitazama mota. Linapatikana kwa kufuata kile ambacho baiskeli imebeba katika miji hii miwili kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wazo lenyewe la kuitia baiskeli umeme ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya Uganda mwaka 1894, na tarehe 31 Desemba 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ya umeme kwenye gurudumu la nyuma. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa, na mtu aliyetaka kufika Jinja alitembea. Mota ya Bolton haikufika popote, kwa kuwa betri za siku zile zilikuwa nzito na dhaifu. Baiskeli ya miguu ndiyo iliyofika, ikiletwa na wamisionari na maofisa wa serikali.

Mwishoni mwa mwaka 1907 mmoja wa wageni hao alifika Jinja: Winston Churchill, wakati huo akiwa Naibu Waziri wa Makoloni. Katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata kuhusu safari yake, aliandika mambo mawili ambayo leo yanastahili kusomwa pamoja. Akiwa mbele ya maporomoko ya Ripon, mahali Mto Nile unapotoka ziwani, aliwaza jinsi maji yale yangeweza kuzungusha mitambo. Mahali pengine aliisifu baiskeli kuwa ndicho chombo bora cha kusafiria Afrika ya Kati, kwa sababu vijia vilivyolainishwa na nyayo za watu vilikuwa barabara tosha kwa magurudumu mawili. Alisema pia kwamba karibu kila ofisa Mwingereza aliyekutana naye alikuwa na baiskeli, na kwamba machifu wameanza kuzinunua. Umeme wa Nile na baiskeli vilikaa katika kitabu kimoja bila mwandishi kuviunganisha.

Machifu walizinunua, lakini waliozifanya baiskeli kuwa nyingi ni wakulima, na kilichowawezesha ni pamba. Mwaka 1903 Kenneth Borup wa Kampuni ya Uganda aligawa mbegu za pamba, na katika miaka michache zao hilo likaenea Busoga, Bukedi na Teso, nchi tambarare zilizo jirani na Jinja na zinazopakana na Mbale upande wa kaskazini na magharibi. Mbale yenyewe ilikuwa changa. Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyeitawala sehemu kubwa ya mashariki kwa niaba ya Waingereza, aliufanya mji huo makao yake mwanzoni mwa karne ya 20, na biashara ikamfuata: Wahindi, Waarabu na Waswahili wakafungua maduka.

Reli ya Busoga ilifunguliwa mwaka 1912 kati ya Jinja na Namasagali ili kuchukua pamba iliyoletwa na meli za Ziwa Kyoga. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia kuu ikapita Tororo na kufika Jinja, na tawi lake likapanda hadi Mbale na Soroti. Mwaka 1931 daraja likavuka Nile na treni ikaingia Kampala. Lakini treni haikufika shambani. Kati ya shamba na kiwanda cha kuchambua pamba palikuwa na kilomita kumi, ishirini au zaidi, na kabla ya baiskeli umbali huo uliliwa na shingo za watu. Serikali ilitegemea wapagazi, na nyumbani mzigo ulikuwa kichwani mwa mwanamke.

Pamba ambayo haijachambuliwa ina sifa moja iliyoifaa sana baiskeli: ni nyepesi lakini imefura. Mtu mmoja hawezi kujitwisha gunia lililojaa akaona mbele yake, ila keria italichukua bila shida. Kwa hiyo mkulima aliyepata fedha za msimu mmoja mzuri alinunua chombo ambacho kingembebea pamba ya msimu uliofuata. Dukani alizikuta Raleigh, BSA na Hercules kutoka Uingereza, nyeusi, nzito, zenye magurudumu makubwa na breki za vyuma virefu badala ya nyaya. Zilitengenezewa watu wa mijini Ulaya waende kazini na kurudi. Huku zilipewa kazi nyingine, zikaimudu.

Hapo pia ndipo alipozaliwa fundi baiskeli, ambaye historia za usafiri humsahau. Mtaji wake ni bisibisi, spana, nyundo, pampu, karai la maji la kutafutia tundu la tyubu, na kivuli cha mti. Karibu kila kifaa cha baiskeli kinaonekana kwa macho na kinafunguka kwa mkono. Njiti ikikatika anaweka nyingine, gurudumu likipinda analinyoosha akilizungusha mbele ya jicho moja, na mnyororo ukilegea anaondoa kiungo. Mwanafunzi hujifunza kwa kukaa karibu na kutazama. Kila njiapanda yenye soko, kutoka Busoga hadi Bugisu kwenye miteremko ya Elgon, ilipata fundi wake, na hiyo ndiyo sababu mkulima alithubutu kuweka fedha zake zote kwenye chombo kimoja.

Mwaka 1954 ulikuwa mkubwa kwa miji yote miwili. Mbale, wakulima wa kahawa ya arabika ya Elgon walipata chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union. Jinja, tarehe 29 Aprili, Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, linaloitwa Nalubaale siku hizi, na maporomoko ya Ripon yakamezwa na maji. Umeme ulivuta viwanda. Kiwanda cha nguo cha Nytil kilisimama Njeru, ng'ambo ya bwawa. Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alikuwa ameanzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930, paliendelea kupanuka. Wafanyakazi waliopangishwa katika mtaa wa Walukuba na wale waliotoka vijiji vya karibu walikwenda kazini kwa miguu na kwa baiskeli. Barabara za Jinja zilikuwa pana, zimenyooka na hazina vilima. Ni vigumu kuupata mji wa Afrika Mashariki uliofaa zaidi kwa mpanda baiskeli, ingawa hakuna aliyeuchora kwa nia hiyo.

Abiria aliingia katika habari hii akiwa amechelewa. Ilikuwa miaka ya 1960, mpakani Busia, ambako vituo vya forodha vya Uganda na Kenya vilitenganishwa na kipande cha ardhi ambacho mabasi hayakuvuka. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuwapakia wasafiri na mizigo yao kutoka mpaka hadi mpaka, na wito waliokuwa wakiuita ndio uliokuja kuwa jina la kazi hiyo Afrika Mashariki nzima: bodaboda. Keria iliyobeba gunia ikawekewa mto wa sponji. Hapo pia mzigo ulikuwa wa kwanza. Mtu alibebwa kwa sababu alikuwa na furushi.

Kisha ikaja 1972. Idi Amin aliwafukuza Wahindi na kuwapa siku 90 waondoke. Maduka yaliyoagiza baiskeli na vipuri yakabadilisha mikono, halafu mengi yakakauka. Pamba iliporomoka, kwa maana serikali ililipa kidogo na kwa kuchelewa. Watu wa mashariki wakageukia magendo. Baada ya baridi kali kuiharibu kahawa ya Brazili mwezi Julai 1975, bei ya kahawa duniani iliruka, na kahawa ya Uganda ikawa inavuka Mlima Elgon usiku kwenda Chepkube, soko la upande wa Bungoma nchini Kenya ambalo jina lake wazee wa huko hulitaja hadi leo. Ilivuka mgongoni mwa watu na punda, na kwa baiskeli pale njia iliporuhusu. Chumvi, sabuni na sukari zilirudi kwa njia hizohizo. Katika miaka ambayo lori lilikuwa halina vipuri na petroli ilikuwa ya kubahatisha, mashariki mwa Uganda palikula na kuvaa kwa nguvu za miguu ya watu.

Amani ilipoanza kurudi baada ya 1986, kazi ya bodaboda ilisambaa kutoka mpakani hadi Tororo, Mbale, Iganga na Jinja. Miaka ya 1990 ilikuwa miaka yake ya neema. Baiskeli zilikuwa sasa za Asia: Roadmaster na Hero za India, Phoenix ya China. Muundo ulikuwa uleule wa Raleigh ya zamani, lakini fundi aliijenga upya kabla haijaingia barabarani. Aliongeza fimbo za chuma kando ya gurudumu la mbele ili lisipinde, akachomelea keria nene, akaweka vikanyagio vya abiria karibu na ekseli ya nyuma na mshikio chini ya tandiko. Mto ulishonewa ngozi ya plastiki yenye rangi kali, mara nyingi na mashada ya nyuzi yanayochezacheza kwa upepo. Wanawake wengi walikaa upande, mtoto mapajani.

Kijana aliyetoka kijijini aliweza kuanza kwa kukodi baiskeli ya mtu kwa siku, akaweka akiba, akanunua yake. Katika steji alikuta mwenyekiti, foleni na mchango wa mazishi. Kwa wakazi wa miji hii nauli ilikuwa ndogo na huduma ilifika mlangoni, jambo ambalo matatu haikuwahi kulifanya. Jinja na Mbale zilikuwa miji ya baiskeli kwa kiasi ambacho Kampala, yenye vilima vyake, haikuweza kukifikia. Atokaye Shinyanga, ambako baiskeli za abiria zilipewa jina la daladala, angejihisi yuko nyumbani.

Palikuwa na pengo moja, nalo ni kubwa. Waendeshaji walikuwa wanaume, na wenye baiskeli walikuwa wanaume, ilhali maji, kuni na sehemu kubwa ya mazao vilibaki vichwani mwa wanawake. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilichapisha utafiti kuhusu baiskeli na wanawake wa vijijini wa Uganda, ukionyesha waziwazi kwamba mzigo ulikuwa kwa mwanamke na chombo kwa mwanamume. Katika jamii nyingi mwanamke aliyepanda baiskeli alisemwa. Huo ulikuwa udhalimu wa kila siku, na sehemu ya historia ya baiskeli inayopaswa kusimuliwa bila kupunguzwa makali.

Pikipiki iliiondoa baiskeli ya abiria kwa muda mfupi kuliko alivyotarajia yeyote. Kampala ilitangulia katika miaka ya 1990. Miaka ya 2000 ilipoingia, pikipiki za India, hasa Bajaj Boxer, zilikuwa rahisi kiasi cha kununuliwa kwa mkopo, na steji za Jinja na Mbale zikabadilika moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda vivyo hivyo: mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na baiskeli za abiria za Kisumu, ambazo zamani zilijaza mji, zikapungua upesi. Abiria alitaka kufika haraka, kijana alitaka kupumzisha mapafu. Hakuna haja ya kuwalaumu. Kupiga pedali kwenye jua la saa saba na mtu mzima nyuma yako, mara kumi kwa siku, ni kazi inayomaliza mwili, na waliowahi kuifanya hawaitamani tena.

Lakini mzigo haukuhama wote. Matoke ya Elgon yaliendelea kushuka kwa baiskeli. Madumu ya maji, magunia ya makaa, maziwa, mahindi yanayokwenda kusagwa, samaki wanaotoka mwalo wa Masese, Jinja, kuingia vijiji vya Busoga, vyote vilibaki kwenye keria, maana mzigo hauna haraka kama abiria, na faida ya mkungu wa ndizi haivumilii bei ya petroli. Wanaosema pikipiki iliua baiskeli waliitazama steji tu, hawakulitazama soko.

Mara tatu katika miaka ya karibuni soko hilo lilithibitisha jambo hili. Mwezi Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipokata barabara na reli, Uganda, ambayo mafuta yake huingia kwa njia ya Mombasa, ilikaukiwa, na bei ikapanda maradufu na zaidi. Mwaka 2020, wakati wa Covid, serikali ilizuia bodaboda kubeba abiria kuanzia mwezi Machi hadi mwishoni mwa Julai, magari ya watu binafsi yakafungiwa pia kwa muda, na watu waliokuwa wameiweka baiskeli nyuma ya nyumba wakaitoa. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kwenye mipaka ya Busia na Malaba wakipinga masharti ya vipimo vya Covid, foleni ikarefuka upande wa Kenya, na petroli ikawa adimu tena. Nyakati zote hizo baiskeli ya mzigo iliendelea kufanya kazi yake.

Katika hali hiyo ndipo baiskeli ya umeme inapoingia, na inaingia katika dunia iliyokwisha kuikubali. Kampuni ya Yamaha iliuza Japani mwaka 1993 baiskeli ya kwanza ya sokoni ambayo mota yake humsaidia mpanda kulingana na nguvu anayoitia kwenye pedali. China leo ina vyombo vya umeme vya magurudumu mawili zaidi ya milioni 300. Ujerumani mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, baiskeli za umeme zilizouzwa zilizidi zile za kawaida. Uganda yenyewe ilianza na pikipiki: Zembo na Bodawerk zilijitokeza Kampala mwishoni mwa miaka ya 2010, na baadaye Spiro ikaja na vituo vya kubadilishia betri. Jinja ina kiwanda cha Kiira Motors, kilichojengwa katika eneo la viwanda la Kagogwa kwa ajili ya mabasi ya umeme. Baiskeli, kama kawaida yake, imekuja bila shamrashamra.

Hesabu yake inavutia. Betri ya kawaida ya baiskeli ya umeme huhifadhi karibu nusu ya uniti moja ya umeme. Kwa bei za miaka ya karibuni, uniti ya matumizi ya nyumbani imekuwa karibu shilingi 800 za Uganda, kwa hiyo kuijaza betri ni shilingi 400 hivi. Petroli imekuwa karibu shilingi 5,000 kwa lita. Tena umeme wenyewe unatoka hapohapo. Ukiacha Nalubaale na kituo jirani cha umeme cha Kiira, kuna bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lenye uwezo wa megawati 250, kilomita chache tu kutoka katikati ya Jinja, na chini zaidi liko Isimba. Pale nguzo za umeme zisipofika, paneli ya jua inatosha kwa betri ndogo kama hii, na ndiyo njia ambayo watu wa FABIO wameitumia. Mafuta yanayoagizwa husimama Malaba kukiwa na mgomo. Maji ya Nile hayasimami.

Hata hivyo, chombo hiki kinapaswa kuulizwa swali lilelile lililoulizwa Raleigh: kitabeba nini, kwa nani, na kitatengenezwa na nani?

Kwa matoke ya Elgon, jibu si la moja kwa moja. Mzigo pale unashuka, na anayeshuka hahitaji mota, anahitaji breki. Nyingi kati ya baiskeli hizo zingefaidika zaidi kwa breki za diski nzuri kuliko kwa betri. Mota ingekuwa na maana wakati wa kurudi, mtu anapopanda na mfuko wa mbolea, sukari ya dukani au madumu matupu. Faida ipo, ila kwa mkulima ambaye faida ya mkungu mmoja ni ndogo, itachukua muda mrefu kulipa bei ya betri.

Busoga ni nchi nyingine. Ardhi yake ni mawimbi mapole ya vilima vifupi, vijiji vimetawanyika, na mzigo unakwenda pande zote mbili. Mchuuzi wa samaki wa Masese huanza siku kwa kupanda kutoka ziwani akiwa amebeba kapu zito, na muda ni adui yake, kwa kuwa jua linamwozeshea bidhaa. Mchukuzi wa maziwa yuko katika hali hiyohiyo. Mhudumu wa afya wa kijiji anayezungukia kaya zilizo mbalimbali naye ana njia ndefu na bajeti isiyo na fungu la petroli. Halafu kuna mgonjwa. FABIO walianza zamani kutengeneza gari dogo la kumlaza mgonjwa linalofungwa nyuma ya baiskeli, na yeyote aliyewahi kulivuta likiwa na mama mjamzito ndani anajua ni kwa nini msaada wa mota si anasa.

Mwanamke naye huenda akawa mshindi mkubwa kuliko wote, endapo mambo yatapangwa vizuri. Umeme unapunguza nguvu zinazohitajika kuendesha mzigo wa kilo hamsini, na chombo kipya hakijapata bado mwenyewe wa kimila. Kikikopeshwa kupitia vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, vilivyojaa Busoga na Bugisu, kinaweza kumfikia yule aliyerukwa na baiskeli ya kwanza.

Kizuizi kizito ni fundi. Chini ya mti wake, kila kitu kinafunguka. Betri ya lithiamu haifunguki, au ikifunguliwa ovyo inaweza kushika moto. Kisanduku kinachoongoza mota kikiharibika hakioneshi tundu lolote la kuzibwa. Kama kipuri kitalazimika kuagizwa Kampala au China kila mara, mwenye baiskeli atabaki na kitu kizito kuliko Roadmaster yake ya zamani na kisichokwenda mbali zaidi yake. Pikipiki ilishinda kwa sababu ndani ya miaka michache kila kijiji kilikuwa na mtu anayejua kufungua injini ya Boxer. Baiskeli ya umeme itashinda kwa njia hiyohiyo, au haitashinda.

Ni jambo la kutia moyo kwamba sehemu kubwa ya chombo hiki bado ni baiskeli. Tairi, njiti, mnyororo na fremu ni mali ya fundi wa zamani, na baiskeli ya kawaida inaweza kufungwa gurudumu lenye mota bila kubadilishwa yote. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huko ndiko mbele kuliko na matumaini: fremu nzito zilizokwisha kujengwa upya na mafundi wa Iganga na Mbale, zikiongezewa mota, badala ya chombo kamili kinacholetwa ndani ya kasha. Kwa njia hiyo baiskeli ya kawaida haifi. Inabaki ya wale wenye safari fupi na mzigo wa kushuka, na ndugu yake wa umeme anawachukua wale ambao pikipiki iliwashinda kwa bei.

Halmashauri za Jinja na Mbale, zilizopandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, zina nafasi ambayo haitadumu. Serikali ilipitisha mwaka 2012 sera ya usafiri usiotumia injini, inayomtambua mtembea kwa miguu na mpanda baiskeli, lakini kwenye barabara nyingi zilizokarabatiwa tangu wakati huo mpanda baiskeli bado anasukumwa ukingoni, kati ya mtaro na lori. Barabara pana za Jinja zinaweza kutengewa njia ya baiskeli kwa rangi na kingo tu, bila kubomoa nyumba ya mtu. Mbale inaweza kuanza na barabara zinazoingia masokoni, ambako matoke hupita. Vyuo vya ufundi vya miji yote miwili viwachukue mafundi baiskeli waliopo, hata wasio na vyeti, viwafundishe kupima betri na kubadilisha seli kwa usalama. Na anayeleta baiskeli za umeme, awe shirika au mfanyabiashara, adaiwe vipuri na mchoro wa jinsi chombo kinavyofanya kazi kabla ya kupewa msamaha wowote wa kodi. Wanaoteremsha matoke Wanale na wanaopandisha samaki Masese waitwe kwenye vikao hivyo, kwa kuwa hakuna mtu Uganda anayeijua baiskeli ya mzigo kuwashinda wao.